Jinsi ya kuchagua mbegu za dodo (mchicha) zinazovumilia jua kali

Mwezi wa kwanza hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, mvua imekatika na ardhi inachoma nyayo. Pita kwenye dodo saa nane mchana: mmea mmoja majani yamelala, jirani yake aliyepandwa siku ileile amesimama wima. Wakati mwingine tofauti hiyo imo kwenye jeni, yaani chembe za urithi, na jeni unaweza kuzichagua hapo hapo shambani.

Joto likizidi, protini za mmea hupoteza umbo lake. Ndipo zinapoamka jeni za kutengeneza protini za mshtuko wa joto, ambazo hukamata zile zilizoharibika na kuzikunja upya. Kila mmea unazo, ila wengine huziamsha upesi na kwa wingi zaidi. Jeni nyingine huamua lini mmea uache majani na kukimbilia maua. Hizo ndizo zinazotutia hasara sokoni, maana tunauza majani.

Hatua ya 1. Sia Desemba, ili dodo ikomae ndani ya joto lenyewe. Mimea ya mbegu iachie nafasi ya kama sentimita 30.

Hatua ya 2. Mwagilia sawasawa, kisha gawa kitalu katika vipande vidogo na uchague mmea bora ndani ya kila kipande. Ukichagua kwa kutazama shamba zima, utaondoka na mimea ya chini ya mwembe na ya penye samadi nyingi. Kivuli na samadi havirithiwi.

Hatua ya 3. Funga uzi mwekundu kwenye mimea yenye majani mapana ambayo bado haijachanua wakati wenzao wameanza.

Hatua ya 4. Ing'oe inayowahi maua, uipike, kabla upepo haujasambaza chavua yake. Hapa nilikosea miaka mingi. Nilikuwa nikikinga mbegu kwa mimea iliyotangulia kukomaa, kwa haraka tu ya kupata mbegu, na kila msimu dodo yangu ilizidi kuwa fupi, ikitoa shuke ikiwa na majani ya kuhesabu. Nililaumu jua, kumbe mimi mwenyewe nilikuwa nikichagua jeni za kuwahi maua. Ng'oa pia mchicha pori ulio karibu.

Hatua ya 5. Sugua shuke kiganjani. Punje zikidondoka nyeusi na kung'aa, kata. Changanya mbegu za mimea isiyopungua 20, maana uvumilivu huu unabebwa na jeni nyingi, na mmea mmoja hauna zote.

Sukuma wiki ni habari nyingine, kwa sababu kwenye joto letu ni nadra itoe maua. Chukua machipukizi ya ubavuni ya shina lililovumilia, uyapande. Yanabeba jeni zote za mama yao.

Hatua ya 6. Kiangazi kijacho, sia mstari wa mbegu mpya za dodo kando ya mstari wa zile za zamani. Mistari yote miwili ikichanua siku zilezile, huenda ulichokiona mwaka jana kilikuwa udongo. Rudi hatua ya 2 na upunguze ukubwa wa vipande.