Idhini ya mwenye mali: namna ya kuiomba na kuiandika

Idhini ya kutumia ardhi au jengo la mtu huvurugika zaidi pale ilipotolewa na asiye na mamlaka ya kuitoa. Mpangaji ana haki ya kukaa na kutumia. Kukuruhusu utoboe ukuta au uchimbe mtaro ni jambo jingine. Mlinzi ndiye hana mamlaka hayo kabisa.

Anzia kwenye rejista ya ardhi. Omba taarifa ya umiliki ya kiwanja husika, uisome mpaka kwenye vizuizi vilivyoandikwa chini. Nakala ya hati anayokuonyesha mtu yaweza kuwa ya kale na kiwanja kikawa kimeshauzwa. Ukikuta majina mawili au zaidi, taka sahihi za wote. Mmiliki akiwa amefariki, anayesaini ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa kisheria. Mtoto mkubwa hatoshi, hata kama ukoo mzima unamtambua. Kwa kampuni, dai barua au azimio la bodi linalomtaja mwenye mamlaka ya kusaini. Wakala aonyeshe hati ya uwakilishi, nawe uisome, kwani hati ya kukusanya kodi haimpi uwezo wa kuruhusu ujenzi. Kwenye nyumba ya familia uliza kama idhini ya mwenzi wa ndoa inahitajika pia, na palipo na rehani, ya mkopeshaji.

Barua yenyewe ikae ukurasa mmoja. Maneno kama "kutumia eneo" ndiyo yanayoleta ugomvi. Andika: "mtaro wa urefu wa mita 12, upana wa sentimita 60, kando ya ukuta wa mashariki", kisha ambatisha mchoro. Taja kazi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, watakaoingia na saa zao, malipo kama yapo, atakayefukia na kurekebisha, na muda wa taarifa iwapo idhini itasitishwa.

Kifungu kinachosahaulika sana kinahusu vitu vinavyofungwa. Katika sheria za nchi nyingi, kilichojengewa ardhini au kukazwa ukutani huweza kuhesabiwa kuwa sehemu ya mali ya mwenye ardhi. Kama pampu au tangi ni lako, andika hivyo, pamoja na haki yako ya kuliondoa.

Piga picha za mahali kabla ya kugusa chochote, zenye tarehe. Kila upande ubaki na nakala iliyosainiwa kabla ya kazi kuanza. Sahihi ya baadaye ni msamaha tu, na mwenye mali anaweza kuunyima. Kimya chake usikihesabu kuwa kukubali. Akikataa, usimzunguke kupitia kwa mpangaji.

Idhini ya kawaida humhusu aliyeitoa, hivyo kiwanja kikiuzwa, mnunuzi mara nyingi halazimiki kuiheshimu. Kwa bomba au njia ya kudumu, mwone wakili aandae haki ya kupitisha, yaani haki ya kutumia sehemu ya ardhi ya mwingine hata ikibadili mmiliki, kisha isajiliwe kwenye rejista ileile uliyoanzia.