Kabla hujaanza kukariri habari za India kwa ajili ya mtihani, tulia kwanza

Miaka yangu ya chuo pale Pune nilikaa chumba kimoja na vijana wawili waliokuwa wanajiandaa na mitihani ya ajira za serikali yao, mmoja anautaka UPSC, ule wa kutoa maofisa wakubwa, mwingine anataka reli, na mimi nikawa mtu wa kushikishwa karatasi kila usiku niwaulize maswali. Rajya Sabha, baraza la juu la bunge lao, ina viti vingapi? 245. Mpaka leo sijasahau na wala hainisaidii kitu. Sasa kila mara nakutana na vijana wa huku kwetu, hasa watoto wa Kihindi wa Dar na Mombasa ambao wazazi wao wameamua kurudi India moja kwa moja, wananiuliza hiyo karenti afeazi, yaani habari za sasa hivi, inasomwaje, na nikiangalia simu zao naona wameshadownload pidiefu mia mbili na hawajui hata watafanya mtihani gani.

Kwa hiyo anza hapo, je unaruhusiwa? Watu wengi hawajui kwamba tangazo la UPSC la utumishi wa umma linaitaja Tanzania kwa jina. Kwa IAS (utawala) na IPS (polisi) lazima uwe raia wa India, hapo hakuna mjadala, lakini kwa baadhi ya huduma nyingine wanakubali mtu mwenye asili ya India aliyehamia kutoka Kenya, Uganda, Tanzania, Zambia, Malawi na nchi nyingine chache kwa nia ya kuishi India moja kwa moja, mradi apate cheti cha serikali cha kuthibitisha kwamba anastahili. Orodha yenyewe ni ya zamani kiasi kwamba Kongo bado wanaiita Zaire. Kama wewe ni Mtanzania usiye na asili ya huko, mtihani huo haukuhusu, soma tu kwa ajili ya kujua. Halafu umri, kwa kundi la kawaida ni kuanzia 21 hadi 32, na majaribio ni 6 basi, na angalia hapa vizuri, ukikaa hata karatasi moja tu ya mchujo halafu ukatoka, jaribio limehesabiwa. Ukijaza fomu usiende kabisa, halihesabiwi. Rumumeti wangu wa UPSC alipoteza jaribio la kwanza hivyo, eti anaenda "kuonja".

Ya pili ni kujua mtihani wako unauliza nini, maana India mitihani ni kama daladala za Mbagala, zote zinaenda lakini ukipanda yoyote tu utajikuta kwingine. Mchujo wa UPSC una karatasi mbili, ile ya maarifa ya jumla ni maswali 100 ya maksi 200 kwa saa mbili, na ile ya pili ya hesabu na uelewa unatakiwa kupata asilimia 33 tu, lakini usipoipata karatasi yako ya kwanza hata haiangaliwi. SSC CGL, ule wa kuajiri wenye digrii kwenye ofisi za serikali kuu, hatua ya kwanza ni maswali 100 kwa dakika 60, na ya maarifa ya jumla ni 25 tu kati yake. Reli, ule wa NTPC, hatua ya kwanza ni maswali 100 kwa dakika 90 na 40 ni ya maarifa ya jumla, ndiyo maana jamaa yangu wa reli alikuwa anakesha na GK, ndiyo hayo maarifa ya jumla, wakati wa SSC wanakesha na hesabu. Mabenki wao wanapenda habari za uchumi na za benki zenyewe. Tofauti hizi zinabadilisha kila kitu, SSC na reli watakuuliza nani kashinda, lini, wapi. UPSC hakuulizi hivyo, yeye anachukua habari iliyotokea halafu anakuuliza kitu kilichokaa nyuma ya hiyo habari.

Na hapa ndipo watu wengi wanapofeli. Wanakusanya habari. Habari isiyo na pa kuning'inia inadondoka ndani ya wiki, kwa hiyo kabla ya gazeti lolote hakikisha una msingi, maana yake katiba, jiografia, historia na uchumi wa kawaida, na msingi huo Wahindi wenyewe wanaupata kwenye vitabu vya shule vya NCERT, vya darasa la sita mpaka la kumi na mbili, bei yake ndogo na kwenye intaneti vipo bure. Usivionee aibu kwa kuwa ni vya watoto. Chukua mfano, unasoma gazetini kwamba Tume ya Fedha imewasilisha ripoti ya mgao wa kodi kati ya serikali kuu na majimbo. Mtu asiye na msingi atakariri jina la mwenyekiti na kupita. Mwenye msingi anajua tume hiyo ipo kwenye kifungu cha 280 cha katiba, anajua Tume ya Uchaguzi ni kifungu cha 324, mkaguzi mkuu wa hesabu ni 148, halafu anajua kwamba NITI Aayog, ambayo kila siku ipo gazetini, haimo kwenye katiba hata kidogo, iliundwa tu kwa azimio la baraza la mawaziri ikaanza tarehe 1 Januari 2015 kuchukua nafasi ya Tume ya Mipango. Swali la "kipi kati ya hivi ni chombo cha kikatiba" limewaua wengi sana. Kila ukikutana na jina la chombo, jiulize kimezaliwa na nini, katiba, sheria ya bunge, au uamuzi wa serikali tu, na kipo chini ya wizara gani. Hilo tu ukilifanya miezi sita utashangaa.

Ya tatu, na hii nina hasira nayo kidogo, angalia tarehe ya unachokisoma. Yule wa reli alinunua kijitabu cha GK cha mtumba kando ya barabara, kinasema India ina majimbo 29 na maeneo 7 ya serikali kuu, akakariri vizuri kabisa. Kumbe Jammu na Kashmir iliacha kuwa jimbo tarehe 31 Oktoba 2019 ikawa maeneo mawili, J&K na Ladakh, halafu Januari 2020 Daman na Diu ikaunganishwa na Dadra na Nagar Haveli, kwa hiyo leo ni majimbo 28 na maeneo 8. Na majina ndiyo usiseme. Allahabad ni Prayagraj tangu 2018, Rajpath ya Delhi ni Kartavya Path tangu 2022, Port Blair imekuwa Sri Vijaya Puram mwaka 2024, tuzo kubwa ya michezo ya Khel Ratna tangu 2021 inabeba jina la Major Dhyan Chand wa hoki badala ya Rajiv Gandhi. Kubwa kuliko yote, ile kanuni ya adhabu ya mwaka 1860 ambayo hata sisi huku Afrika Mashariki tuliwahi kuletewa na Mwingereza, India waliitupa, tangu 1 Julai 2024 wanatumia Bharatiya Nyaya Sanhita, kwa hiyo namba za vifungu zote zimebadilika na kitabu chochote kinachokwambia mauaji ni kifungu cha 302 kifungie maandazi.

Magazeti sasa. Moja linatosha, The Hindu au The Indian Express, saa moja au saa moja na nusu kwa siku, siyo nne. Nani kamtukana nani kwenye kampeni, pita. Ajali, pita, isipokuwa imeleta sheria mpya. Soma hukumu za Mahakama ya Juu, miswada, benki kuu, mazingira, mikutano ya kimataifa, sayansi. Kwa habari za serikali nenda moja kwa moja kwa PIB, kile kitengo chao cha habari, na kwa miswada kuna PRS ambao wanafupisha kwa lugha ya kueleweka. Magrupu ya Telegram mimi siyaamini, moja linakopi kwa lingine mpaka kosa linakuwa ukweli. Muda wa kurudi nyuma, SSC na mabenki wengi wanarudi miezi sita hivi, UPSC mwaka mmoja na zaidi.

Andika notsi zako mwenyewe na ziwe fupi, kwa mada siyo kwa tarehe. Mfano wa anga: ukurasa mmoja, Chandrayaan-3 ilirushwa 14 Julai 2023 kutoka Sriharikota, ikatua karibu na ncha ya kusini ya mwezi 23 Agosti 2023, chombo cha kutua kinaitwa Vikram, kigari kinaitwa Pragyan (gari, neno letu hilohilo, tumelitoa kwao), ndiyo maana 23 Agosti imekuwa siku yao ya taifa ya anga. Chini yake Aditya-L1 ya jua, Septemba 2023. Chini yake acha nafasi, maana watarusha vingine. Mazingira hivyohivyo, duma wanane wa Namibia waliletwa hifadhi ya Kuno huko Madhya Pradesh Septemba 2022, kisha 12 wa Afrika Kusini Februari 2023, na pembeni unaandika kwamba simba wa Asia wako Gir, Gujarat, na faru wa pembe moja wako Kaziranga, Assam, kwa sababu muulizaji akichoka na duma atahamia kwa jirani zake.

Na Afrika isikupite, hapo wewe una faida kuliko kijana wa Patna. Umoja wa Afrika uliingizwa kuwa mwanachama wa kudumu wa G20 kwenye mkutano wa New Delhi Septemba 2023, na aliyekuwa kwenye kiti cha mwenyekiti wa Umoja huo ni Azali Assoumani wa Komoro. Kampasi ya kwanza ya IIT, vile vyuo vyao vikubwa vya teknolojia, nje ya India iko wapi? Zanzibar, ya IIT Madras, ilianza 2023. Mazoezi ya jeshi la majini ya AIKEYME, Aprili 2025, yalifanyika Dar es Salaam, India na Tanzania wakiwa wenyeji pamoja. Rumumeti wangu angetoa figo kupata maswali yanayotoka mtaani kwake namna hiyo.

Kalenda nayo iweke ukutani mapema kwa sababu India inarudia mambo yaleyale kila mwaka. Mwaka wa fedha unaanza 1 Aprili. Bajeti ya serikali kuu inasomwa 1 Februari, tangu 2017, mwaka huohuo bajeti ya reli iliyokuwa inasomwa peke yake ikaunganishwa humo, na kabla ya bajeti hutoka ripoti ya hali ya uchumi. Tuzo za Padma, zile nishani za heshima za taifa, zinatangazwa kuelekea 26 Januari. Benki kuu inakaa kila baada ya miezi miwili hivi kupanga riba, kamati ina watu sita, lengo la mfumuko wa bei ni asilimia 4, inaruhusiwa kupanda au kushuka kwa 2. Riba yenyewe usiikariri mapema, isome wiki ya mtihani. Na uzoee hesabu zao, laki unaijua, ni ileile yetu, lakini wao wanaiandika 1,00,000, halafu laki mia ni krore moja, milioni kumi. Ukisoma kwamba sensa ya 2011 ilikuta watu krore 121 usizimie, ni bilioni 1.21. Hiyo 2011 ndiyo bado inatumika kwenye maswali, ya 2021 iliahirishwa na ijayo imepangwa 2027.

Kuhusu tuisheni, ukienda Delhi, Old Rajinder Nagar au Mukherjee Nagar, kagua jengo kabla ya kukagua mwalimu. Julai 2024 vijana watatu walikufa maji pale Old Rajinder Nagar, wamo kwenye maktaba ya chini ya ardhi, mvua ikaingia. Uliza mlango wa pili uko wapi. Na mtu akikwambia anauza karatasi iliyovuja, kwanza pengine ni tapeli, pili kuna sheria ya 2024 ambayo waliopanga mchezo huo kwa kundi wanaweza kula mpaka miaka 10.

Mwisho ni hesabu ya kubahatisha, na hii ifanye nyumbani, siyo ukumbini. UPSC swali ni maksi 2, ukikosa unakatwa 0.66. Ukibahatisha kipofu kati ya majibu manne, kwa wastani unapata sifuri, yaani kazi bure. Ukishafuta moja kwa uhakika, unaanza kupata, kama 0.22 kwa kila swali, ukifuta mawili inapanda mpaka 0.67, hapo jibu bila woga. Reli nao wanakata theluthi, mahesabu yaleyale. SSC wanakata 0.5 kwenye swali la maksi 2, kwa hiyo hata kipofu anapata kidogo, 0.125, usiache wazi. Shida ni kwamba tangu 2023 UPSC wamejaza maswali ya "ni kauli ngapi kati ya hizi ni sahihi", moja, mbili au zote tatu, na hapo kujua kwamba kauli moja ni uongo hakukufutii mengi, lazima uzijue zote, kwa hiyo maswali ya aina hiyo yafanyie mazoezi peke yake, kwa karatasi zilizopita, ukiandika pembeni ni ngapi ulibahatisha na ngapi zilikubali. Jamaa yangu aligundua kwamba akisema "nina uhakika nusu" anapatia mara moja kati ya nne, sawa na kipofu. Akaacha.

Siku yenyewe, kwa UPSC, beba kadi ya kuingilia iliyochapishwa, kitambulisho kilekile ulichojazia fomu, peni mbili nyeusi za kawaida, saa ya mkononi ya kizamani kwa sababu smatiwochi utaiacha getini, na fika mapema kwani geti linafungwa kabla mtihani haujaanza na mlinzi wa Kihindi hana cha "samahani bhaiya", yaani samahani kaka.