Goti la Januari, drafti ya Aprili

Pale kijiweni kwetu Sinza ukisema drafti, wazee wanaanza kupanga vizibo vya soda. Kwa hiyo niseme mapema: naizungumzia ile ya Marekani, ya mwisho wa Aprili, timu 32 za NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, zinapochagua vijana wa vyuo kwa zamu, raundi saba, siku tatu. Tupo sita tunaoifuatilia. Kila mmoja anaandika kwenye daftari nani ataenda raundi gani, na aliyekosea kuliko wote anawanunulia wenzake supu na chapati.

Mwaka 2016 nilinunua mimi. Nilimwandika Jaylon Smith wa Notre Dame kwenye kumi bora na Myles Jack wa UCLA kwenye watano bora. Smith akachukuliwa wa 34, Jack wa 36, wote raundi ya pili, wote kwa ajili ya magoti. Hela iliniuma, lakini kejeli ziliniuma zaidi, maana mimi ni mchua misuli wa timu ya mtaa. Magoti ndiyo ugali wangu. Tangu hapo nina utaratibu wangu, na kwa kuwa vijana wengi wananiuliza inbox kila Machi, nauandika mara moja hapa.

Andika tarehe kabla ya jina la jeraha

Ukisikia mchezaji wa chuo kaumia, jambo la kwanza ni tarehe: aliumia lini, alipasuliwa lini. Halafu hesabu kwenda mbele mpaka Septemba, msimu wa NFL unapoanza. Kano ya mbele ya goti, ile ambayo kila mtu anaiita ACL, ikishatengenezwa upya kwa upasuaji huchukua miezi tisa hadi mwaka kabla mtu hajarudi kugongana na watu. Kano kubwa ya kisigino nayo ni kipimo hichohicho, na kwa mtu anayeishi kwa kuruka na kuchomoka, naiogopa kuliko goti.

Sasa ona ubaya wa ratiba yao. Mechi kubwa za vyuo huchezwa mwisho wa Desemba na Januari. Anayeumia Septemba, drafti inamkuta ana miezi saba na msimu ukianza ametimiza mwaka. Anayeumia Januari, drafti inamkuta ana miezi mitatu na kitu, bado anajifunza kushuka ngazi vizuri.

Chukua ukurasa mmoja wa daftari langu. Jameson Williams, mpokea pasi wa Alabama, aliumia ACL tarehe 10 Januari 2022 kwenye fainali ya taifa. Nikahesabu miezi tisa, nikapata Oktoba. Nikaongeza miwili, kwa sababu timu iliyolipa ghali haikimbizi mali yake, nikapata Desemba. Detroit wakabadilishana zamu na timu nyingine, wakapanda kutoka nafasi ya 32 hadi ya 12 ili wampate, na mechi yake ya kwanza akacheza Desemba. Hapo nilikunywa supu ya bure.

Ile miezi miwili ya nyongeza usiisahau. Madaktari wanahesabu mpaka siku goti linapopona. Wewe hesabu mpaka siku kocha anapothubutu.

Video za Aprili

Mwezi wa nne utaona video: kijana anakimbia kwenye nyasi, jua zuri, muziki chini, na maneno kwamba anapona kwa kasi ya ajabu. Kabla hujabadilisha daftari, angalia kitu kimoja tu. Anakimbia mbele, au anakata kona?

Mimi niliumia nikiwa na miaka 22, uwanja wa Kinesi. Nilisikia tak, kama mtu kavunja kijiti ndani ya mguu, na kabla ya magharibi goti lilikuwa limevimba suruali haipandi. Kiongozi wa timu akaniambia weka barafu, wiki mbili utarudi. Nikarudi wiki ya tatu. Nilikimbia mbele na nyuma, hakuna maumivu, nikasema nimepona. Dakika kama ya kumi nikataka kumgeuka winga wao: mwili ukaenda, goti likabaki. Sijacheza tena mechi ya maana mpaka leo.

Ndiyo kazi ya ile kano. Ukienda mbele moja kwa moja, misuli ya paja inaweza kukubeba. Ukipanda mguu na kugeuka, kano ndiyo inayozuia ugoko usichomoke mbele ya paja. Kukimbia mbele miezi mitatu au minne baada ya upasuaji ni jambo la kawaida kwa mgonjwa anayefuata mazoezi yake. Mtu asikuuzie kawaida kwa bei ya muujiza.

Uliza kimekatika nini na nini

Neno «goti» peke yake halisemi kitu. ACL ikikatika peke yake, kwa mara ya kwanza, kwa kijana wa miaka 21, mimi namshusha nafasi chache tu. Zikiwa kano mbili au tatu, shusha raundi nzima au zaidi. Mshipa wa fahamu ukiguswa, weka kalamu chini kwanza.

Hapo ndipo niliponaswa na Smith. Aliumia tarehe 1 Januari 2016, kwenye Fiesta Bowl, mechi kubwa ya vyuo, dhidi ya Ohio State, na mimi nikaandika «ACL na kano ya nje» nikafunga daftari. Kumbe mshipa wa fahamu unaopita nje ya goti ulivutika, na nyayo ikawa haiinuki. Ukitembea vidole vinaburuza chini. Kano unashonewa mpya. Mshipa wa fahamu unausubiri uote wenyewe, kiasi cha milimita moja kwa siku, na huna pa kuuharakishia. Alikaa nje msimu wote wa 2016.

Kuna wawili nawaweka pamoja kila mwaka ili nisijidanganye. Willis McGahee wa chuo cha Miami alikata kano tatu za goti Januari 2003, mbele ya kamera, goti likapinda upande lisikopaswa kupinda. Buffalo wakamchukua wa 23, raundi ya kwanza, wakamweka benchi mwaka mzima, na mwaka 2004 akakimbia na mpira yadi 1,128. Marcus Lattimore wa South Carolina aliumia goti moja mwaka 2011, la pili mwaka 2012. San Francisco 49ers wakamchukua raundi ya nne mwaka 2013, na mwaka uliofuata akastaafu bila kucheza mechi hata moja. Ukisoma majina ya majeraha yao kwenye karatasi, huwezi kujua nani ni nani.

Na kabla hujasema «magoti mawili, basi», kumbuka 49ers haohao mwaka 2005 walimchukua Frank Gore raundi ya tatu, wa 65, naye alikuwa amekata ACL za miguu yote miwili akiwa chuoni. Gore alimaliza na yadi 16,000, wa tatu katika historia ya ligi. Mimi naamini miaka minane baadaye walipomwona Lattimore walimkumbuka Gore. Hilo ni la kwangu, hakuna aliyeniambia.

Tafuta mkono ulioshika goti

Hiki ndicho kipengele kinachonipa ushindi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kila mwaka, mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi, vijana zaidi ya 300 wanaitwa Indianapolis kwenye kile wanachokiita kombaini. Usidhani ni kombaini yetu ya UMISSETA, ya kuchagua timu ya mkoa. Wao wanapimwa tu. Televisheni inaonyesha mbio na kuruka. Lakini shughuli ambayo timu hazitaki kuikosa ipo vyumbani: madaktari wa timu, picha za MRI, na mikono.

Nikueleze mkono unafanya nini. Mgonjwa analala chali. Goti linakunjwa kidogo tu, kama mtu aliyeweka kanga iliyoviringishwa chini yake. Mkono mmoja unashika paja juu ya goti, mwingine unashika ugoko chini yake, kidole gumba mbele. Halafu unavuta ugoko kuja kwako, haraka na kifupi. Kano nzima inakujibu: unasikia umefika mwisho, kama kamba ya ndoo iliyonyooka kisimani. Kano iliyokatika haijibu. Ugoko unakuja, unakuja, na mwisho wake ni laini kama godoro. Nimeyashika magoti ya aina zote mbili, na ukishalishika lile lisilojibu mara moja, vidole havisahau. Kijana mwenye historia ya goti anavutwa hivyo na daktari baada ya daktari, kwa sababu timu haimwamini daktari wa timu nyingine. Wenye majeraha ambayo bado hayajatulia wanaitwa tena Aprili kuangaliwa upya, wiki chache kabla ya drafti.

Majibu hayatangazwi. Tunayoyasoma sisi ni ya kunong'onwa, na mwezi wa nne kila anayenong'ona ana biashara yake. Wakala anataka usikie «goti safi kabisa». Timu iliyo nafasi ya 20 inayomtaka kijana haitalia watu wakisikia goti lake limeoza, maana huenda akateleza mpaka kwake.

Kwa hiyo acha maneno, tafuta mkono. Nani ameshika hilo goti mwenyewe, au amekaa na huyo kijana muda mrefu? Aliyempasua Jaylon Smith alikuwa daktari wa timu ya Dallas Cowboys. Nani alimchukua wa 34? Dallas. Mwaka 2017 akacheza mechi zote 16, na 2019 akaitwa Pro Bowl, mechi ya nyota wa ligi. Ilikuwa wazi kama embe sokoni, nami sikuiona.

Mara ya pili niliiona. David Ojabo, kijana mzaliwa wa Nigeria aliyekulia Scotland, alikata kano ya kisigino Machi 2022, siku ya majaribio chuoni kwake Michigan, wiki sita kabla ya drafti. Watu kijiweni wakamfuta. Mimi nikauliza nani anamjua, nikakuta mratibu wa ulinzi wa Michigan wa msimu uliopita, Mike Macdonald, amehamia Baltimore Ravens kazi ileile. Nikaandika: Baltimore, raundi ya pili. Wakamchukua wa 45. Msimu wake wa kwanza alionekana mechi mbili tu, jambo ambalo kalenda ilishalisema. 

Mguu wa nani

Fupi tu. Mkimbiaji na beki wa pembeni wanaishi kwa kukata kona, goti kwao ni mtaji. Kwotabeki, yule mrusha pasi, anasamehewa mengi mkono wake ukiwa mzima. Tua Tagovailoa wa Alabama alitegua nyonga na kuvunja ukingo wake Novemba 2019, jeraha la familia moja na lililommaliza mkimbiaji Bo Jackson mwaka 1991, na hofu yake ni damu kushindwa kufika kwenye kichwa cha mfupa wa paja. Miami Dolphins walimchukua wa tano. Kilichokuja kumsumbua zaidi ni mitikisiko ya ubongo, ambayo utaratibu wangu wote huu haukuiona hata kwa mbali.

Kuhusu bima, ipo. Mchezaji wa chuo anaweza kukata bima ya kushuka thamani, na Jake Butt wa Michigan alilipwa baada ya goti lililoumia Desemba 2016 kumteremsha hadi raundi ya tano. Ukisikia kijana ana bima kubwa isikutishe. Maana yake ana wakala makini. Na ukisikia ameruka mechi ya mwisho ya chuo akiwa mzima, usimwite mwoga kama anavyofanya jirani yangu. Huyo ameshaisoma hiyo kalenda niliyokuandikia juu.

Usiku wenyewe

Raundi ya kwanza inaanza Alhamisi jioni kwao, kwetu ni saa tisa usiku wa kuamkia Ijumaa. Daftari lifungwe saa sita, kila mtu apige picha ukurasa wake aitume kwenye grupu, kwa sababu tuna mwenzetu kalamu yake huwa inatembea gizani. Bando linunuliwe mapema na simu ijazwe chaji, umeme una tabia zake.

Majina yenye majeraha mara nyingi yanabaki usiku huo, kwa hiyo usikate tamaa na safu yako. Raundi ya pili na ya tatu ni saa nane usiku wa kuamkia Jumamosi, na hapo ndipo wa goti la Januari wanapoanza kuitwa. Raundi nne za mwisho ni Jumamosi saa moja jioni, unaziangalia ukiwa umekaa na watoto. Mimi siku hiyo naondoka kazini mapema, na timu yangu imeshazoea: mwenye nyama za paja zinazomkaza aje kabla ya saa kumi.