Kabla Hujafungua Edita: Kuchora Levo ya Gemu Ukiwa Moshi

Kijana aliyechoka kucheza levo za wenzake na kutamani kuchora yake, jambo la kwanza analofanya ni kupakua edita, yaani programu ya kuchorea levo. Anachora chumba kimoja, anakipamba mpaka usiku wa manane, na levo inafia hapo hapo. Ushauri wangu ni kwamba edita ije mwisho. Sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla, tena bila kompyuta. Nitaeleza kwa kutumia Doom, gemu la zamani la kupambana na madude kwa bunduki, na eneo ambalo sisi wa Moshi tunalifikia kwa nauli ya kawaida tu: mapango ya Wachagga kule Marangu.

Huenda ukashangaa kwa nini nachagua gemu la mwaka 1993. Ni kwa sababu mlango wake uko wazi. Kampuni ya id Software ilitenganisha injini ya gemu, yaani programu inayoliendesha, na vitu vyake: ramani, picha na sauti zikawekwa kwenye faili la aina ya WAD, na mtu yeyote anaweza kuandaa WAD yake ikasomwa juu ya ile ya asili. Mwaka 1997 wakaachia msimbo chanzo wa injini yenyewe. Ndiyo maana leo kuna edita ya bure kama Ultimate Doom Builder, injini kama GZDoom na Chocolate Doom, na mradi wa Freedoom unaotoa picha, sauti na madude ya kutumia bila kununua chochote. Gemu nyingi mpya hazikupi hata nusu ya hayo. Kabla hujapenda gemu fulani, jua kwanza kama linakuruhusu kuliongezea levo.

Ukishachagua gemu, amua levo yako itachezwa kwenye injini ipi. Hili watu hulipuuza kisha likawasumbua baadaye. Chocolate Doom inafuata mipaka ya gemu la asili, kwa hiyo eneo lenye mapambo mengi mno yanayoonekana kwa pamoja linaweza kuangusha gemu. GZDoom inavumilia mengi, ina hata uwezo wa kuchuchumaa na sakafu za mteremko. Edita itakuuliza muundo wa ramani pale unapoanza ramani mpya, na kubadilisha katikati ya kazi ni usumbufu. Kwa anayeanza ningechagua muundo wa kawaida wa Doom 2, gemu lililofuata Doom. Una vitu vichache, na uchache huo unasaidia.

Sasa eneo. Katika muundo huo kila sekta, yaani kila kipande cha ramani, ina sakafu moja na dari moja. Huwezi kuweka chumba juu ya chumba. Kwa hiyo sahau lile wazo la kuchora AICC, lile jengo la mikutano la Arusha, na ghorofa zake, hata kama mabawa yake matatu yanavutia kwenye karatasi. Mapango yanafaa zaidi: njia zinapinda, giza ni sehemu ya mambo, na kila kona ina sababu ya kuwepo. Wenyeji wa Marangu huwaeleza wageni kwamba watu walijificha humo wakati wa mapigano na Wamaasai, na kwamba mlango ulifanywa mwembamba ili adui aingie mmoja mmoja na mlinzi amsubiri ndani. Hiyo tayari ni levo. Nenda ukaone mwenyewe, usitegemee picha za mtandaoni. Mwamkie mzee anayetunza mahali, muulize kama unaruhusiwa kupiga picha na kupima kwa hatua, na lipa kiingilio.

Kisha jifunze mwili wa mchezaji, maana vipimo vyote vinatoka hapo. Kwenye Doom mchezaji ana urefu wa 56 na upana wa 32 kwa vizio vya ramani. Anapanda ngazi isiyozidi 24. Ikiwa 25 anagota. Gemu la asili halina kuinama. Pango halisi linakulazimisha uiname, lakini ukichora dari ya 50 umejenga ukuta. Weka 72 hivi, upunguze mwanga, na mchezaji atahisi pamebana bila kukwama. Mwanga wa sekta unaanzia 0 hadi 255, na kwa pango mimi ningecheza kati ya 96 na 144, nikiacha sehemu yenye njia ya kutokea iwe angavu kidogo. Madude nayo yana miili. Yule aitwaye Baron of Hell ana urefu wa 64, kwa hiyo njia yenye dari ya 56 wewe utapita naye hatapita. Ukijua hilo mapema, njia hiyo inakuwa kimbilio la mchezaji. Usipojua, utabaki kujiuliza kwa nini dude lako kubwa limesimama tu.

Chukua daftari la hesabu lenye viboksi. Kila kiboksi kihesabu 64, kwa sababu picha za sakafu zina ukubwa wa 64 kwa 64 na zinajipanga kwa gridi hiyo. Chora njia, si mapambo. Weka alama pa kuanzia, pa kutokea, funguo ilipo na mlango inaoufungua. Halafu pitisha kidole ukijifanya mchezaji asiyejua kitu. Kama kidole kinarudi njia ile ile mara nyingi, toboa njia ya mkato. Nje ya pango ningeweka mfongo, ule mfereji wa maji wa mashambani: sakafu iliyoshushwa kidogo yenye maji inamwongoza mgeni hadi mlangoni bila maandishi yoyote. Migomba ni shida. Angalia kwanza Freedoom ina picha gani. Mgomba utauchora mwenyewe na kuuingiza kwa programu ya SLADE, kazi ambayo ningeiahirisha.

Upande wa vifaa sina mengi. Laptop ya kawaida inatosha, ila kadi ya picha ya zamani sana inaweza kuikataa edita ya sasa. Tafuta mausi, maana kuchora kwa kidole ni mateso. Pakua kila kitu siku yenye bando, pamoja na miongozo, uwe navyo hata mtandao ukigoma. Umeme unakatika, kwa hiyo hifadhi kila mara kwa jina jipya: mapango01, mapango02, na nakala kwenye flashi. Kamwe usihifadhi juu ya WAD ya asili.

La mwisho kabla ya kuketi: tafuta mtu wa kujaribia, asiye rafiki wa kukusifia. Mdogo wako anafaa sana. Mkubaliane kwamba atacheza ukiwa nyuma yake kimya, bila kumwelekeza. Anza pia faili dogo la maandishi la kwenda na levo, uandike picha na sauti zote ulizochukua, nani alizitengeneza na aliruhusu nini. Ukisubiri mpaka levo iishe, utakuwa umeshasahau nusu yake.