Kumchukua mbwa mkubwa mpole kutoka kwa mlezi wa muda

Kabla ya kumleta nyumbani Mbeya, mtembelee kwa mlezi wake walau mara mbili, mojawapo akiwa anakula. Upole huonekana kwenye bakuli: ukisogea, mkia unalegea na anaendelea kula, akikakamaa na kukutazama kwa pembe ya jicho, uliza zaidi. Dai kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, nayo hurudiwa kila mwaka.

Omba blanketi lake bila kulifua, na chakula alichozoea cha siku 4. Siku 2 za mwanzo changanya robo ya chakula chako, 2 zinazofuata nusu, 2 nyingine robo tatu. Ukibadili ghafla ataharisha. Ugali wa dona na dagaa sawa, vitunguu hapana. Mlishe asubuhi na jioni, na asikimbizwe hadi ipite saa nzima baada ya kula: mbwa wa umbo hili tumbo huweza kujaa gesi likajipinda, akafa ndani ya saa chache.

Juni na Julai sakafu ya saruji huku ni barafu. Mpigie kichaga cha mbao, sentimita 10 kutoka chini. Mnyororo? Uache hukohuko, mbwa anayefungwa mchana kutwa huwa mkali.