Kadi ya walemavu ukiwa Lamu: jinsi ya kuiomba, na la kufanya ukizuiwa mlangoni

Wengi wanaoniomba niwasaidie kujaza fomu ya kadi huja kesho yake baada ya kukataliwa mahali. Mmoja anatembelea magongo, ameambiwa na mwenye boti angoje chombo kingine. Mwingine ana mtoto kiziwi, na shule inamzungusha tangu Januari. Wote wanaamini kwamba kadi ndiyo itakayowafungulia mlango.

Hapo huanza kwa kuwasahihisha. Mlango ulifunguliwa na Katiba ya 2010. Ibara ya 54 inampa mtu mwenye ulemavu wowote haki ya kutendewa kwa heshima, kuweza kufika mahali pote, kutumia usafiri wa umma na kupata habari. Haisemi "akiwa na kadi". Kadi ina kazi zake nyingine, na zaidi ya hizo inakupunguzia maneno na askari wa getini. Kwa hiyo iombe mapema, ukiwa umetulia, si siku ya ugomvi.

Kusanya karatasi kwanza

Mtu mzima anahitaji kitambulisho cha taifa na picha ndogo ya pasipoti. Mtoto anahitaji cheti cha kuzaliwa pamoja na kitambulisho cha mzazi au mlezi. Chukua pia kila karatasi ya hospitali uliyowahi kupewa: kijitabu cha kliniki, barua ya rufaa, picha ya eksirei, hata ile iliyokunjwa mara nne ndani ya Msahafu wa bibi. Andika namba ya simu inayopatikana, na ya jamaa mmoja wa karibu.

Sasa tazama jina. Nilipomjazia mjomba wangu fomu yake, niliandika "Muhamadi" kama tunavyomwita nyumbani, kumbe kitambulisho kinasema "Mohamed". Kosa langu mwenyewe, na lilitugharimu safari ya pili kutoka Matondoni. Nakili jina herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kitambulisho, hata kama limekosewa.

Hospitali

Ulemavu hupimwa katika hospitali ya serikali. Kwa wakazi wa kisiwani, pa kuanzia kuuliza ni hospitali ya King Fahd, mjini Lamu. Piga simu au mtume mtu aulize siku ambayo wapimaji wanakaa, hasa ukitoka Faza au Kizingitini, maana nauli ya boti ya kwenda na kurudi si mchezo.

Watu hudhani kazi ya daktari ni kuandika jina la ugonjwa tu, wakanyamaza. Fomu inataka zaidi ya hapo: inataka kujua hali yako inakuzuia kufanya nini. Mjomba alipoteza macho kwa presha ya macho. Alipoulizwa kama anaweza kutembea peke yake, alijibu "Naweza!" kwa ile fahari ya baharia mzee. Ikabidi niingilie kati: "Mjomba, mweleze daktari na siku ile ulipogongana na punda wa mchanga kule Langoni." Akacheka, akaeleza. Akaeleza pia kwamba Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, anauweza kwa sababu anazijua baraza zote kwa mkono, lakini akivuka kwenda Mokowe, bara, hana alijualo. Maneno kama hayo ndiyo yanayompa daktari kitu cha kuandika. Kujikaza siku hiyo ni hasara, na kujitia hali usiyo nayo ni uongo.

Kabla hujatoka, mwombe anayeona akusomee fomu: jina, namba ya kitambulisho, aina ya ulemavu, sahihi, muhuri. Baada ya hapo ripoti huidhinishwa na Wizara ya Afya. Hatua hiyo huchukua muda, na hakuna broka wa kuiharakisha.

Baraza, lakini si lile la kukalia

Anayesajili ni Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. (Mjomba alidhani namwambia twende tukakae barazani.) Maombi hupitia kwenye mtandao, kwa akaunti yako ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Kama huna akaunti, fungua kwa namba yako mwenyewe ya simu, si ya kijana wa saiba. Akihama mji huyo, akaunti imehama naye. Baraza lina ofisi katika kila kaunti, na afisa wa pale atakuonyesha ulipokwama. Usajili wenyewe haulipiwi. Anayekuomba "ya chai" ili jina lako liingie anakuibia.

Kadi ikitoka, usikae ukingoja faida zije zenyewe. Msamaha wa kodi ya mapato, ambao unagusa mapato ya hadi shilingi 150,000 kwa mwezi, unaombwa kivyake kwa Mamlaka ya Mapato. Shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kusaidia wasiojiweza, ni za watu wenye ulemavu mkubwa, na zina orodha yake tofauti. Vifaa kama kiti cha magurudumu au fimbo nyeupe huombwa kwa Baraza kwa fomu nyingine tena.

Na mwenye mbwa je?

Niliulizwa hili na jirani. Bintiye anaishi Uingereza, haoni, anaongozwa na mbwa aliyefunzwa, na anataka kuja nyumbani wakati wa Maulidi. Je, mbwa naye ana kadi?

Huko aliko hahitaji. Sheria ya Usawa ya 2010 ya Uingereza inakataza duka, mkahawa au teksi kumkataa kwa sababu ya mbwa huyo, na hakuna daftari la serikali ambalo mbwa lazima aandikwe. Marekani ni vivyo hivyo chini ya sheria ya 1990 ya watu wenye ulemavu. Pale ambapo haionekani wazi mbwa ni wa nini, mfanyakazi anaweza kuuliza maswali mawili tu: je, anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na amefunzwa kufanya kazi gani? Hawezi kudai cheti. Kwa hiyo wanaouza vyeti vya mbwa kwenye intaneti wanauza karatasi tupu. Kanuni za Marekani zinamtaja pia farasi mdogo aliyefunzwa. Punda wetu bado hajafikiriwa.

Kwa safari ya kuja Kenya, aombe kibali cha kumwingiza mnyama kutoka Idara ya Huduma za Mifugo kabla hajakata tiketi, awe na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa na cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo wa huko. Kadi ya Kenya hana, na Ibara ya 54 haimdai.

Kazi kubwa iko kwetu. Lamu ni mji wa Waislamu wa madhehebu ya Shafi. Mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na vichochoro vyetu ni vyembamba kiasi kwamba kanzu itagusa manyoya upende usipende. Sitaki kumcheka mtu anayejilinda na najisi. Lakini aya ya 4 ya Suratul Maida inahalalisha windo la mnyama aliyefunzwa, kwa hiyo mbwa wa kazi si jambo geni kwetu. Na mwaka 2008 msikiti mmoja wa Leicester, Uingereza, ulimpokea kijana asiyeona na mbwa wake: mbwa akatengewa mahali karibu na mlango, kijana akaingia kuswali. Nilimshauri jirani azungumze mapema na mwenye nyumba ya kulala wageni, nahodha wa boti na imamu wa mtaa, na awaeleze watoto kwamba mbwa aliyefungwa mkanda wa kazi haguswi wala haitwi.

Ukizuiwa

Usipige kelele, andika. Tarehe, saa, mahali, maneno uliyoambiwa, jina la aliyeyasema kama unalijua, na nani alisikia. Kisha barua, ambayo haihitaji Kiingereza wala wakili. Kwa mfano:

"Mimi ni mkazi wa Langoni na natembelea magongo. Jumanne tarehe fulani, saa nne asubuhi, nilikataliwa kupanda boti yenu gatini, ingawa nafasi ilikuwepo, nikaambiwa nitachelewesha abiria. Ibara ya 27 ya Katiba inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu. Naomba maelezo ya maandishi ndani ya siku 14, na mnieleze mtakavyonipandisha safari ijayo, hata maji yakiwa yamekupwa na ngazi ina utelezi."

Sentensi ya mwisho usiiache. Wengi huandika malalamiko bila kusema wanataka nini, na mwenye boti hujibu "pole" mambo yakaisha.

Peleka barua kwa mkono, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa au isainiwe. Siku zikipita kimya, peleka nakala kwa ofisi ya Baraza, na nyingine kwa Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa. Ukiandika sheria, taja ile ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025. Fomu nyingi za zamani bado zinataja ya 2003, ambayo nafasi yake imeshachukuliwa.

Na ikifika mahakamani, isome Ibara ya 22 kabla mtu hajakutisha kwa gharama. Kufungua kesi ya haki za msingi hakutozwi ada, na mahakama inaweza kuipokea hata kwa maandishi yasiyo rasmi. Kesi kama hiyo hufunguliwa Mahakama Kuu. Nenda na ile nakala yenye muhuri.