Natto na Warfarini: Soma Hapa Kabla Hujaonyesha Ushujaa Japani

Mjapani akikuzoea kidogo atakuuliza swali moja: "Natto, unaweza kula?" Mimi nilijibu kwa kula hizo soya zilizochachushwa. Pakiti moja kila asubuhi, wenzangu kazini wananishangilia, kichwa kimevimba kwa sifa. Wiki ya tatu kilichovimba ni mguu.

Natumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, tangu damu iliponigandia kwenye mguu huohuo. INR yangu, kipimo cha damu inavyochelewa kuganda, inatakiwa ikae kati ya 2 na 3; siku hiyo ilikuwa 1.3. Daktari hata hakuuliza kama nimeruka vidonge. Alitazama karatasi, akanitazama mimi, akasema neno moja: "Natto?"

Ndugu msomaji, kama unatumia warfarini, usile natto. Karatasi ya kliniki kule nyumbani inakuonya kuhusu mboga za majani. Natto haimo, maana nani angekuwekea? Tatizo si soya yenyewe. Ni bakteria, Bacillus subtilis, anayezichachusha soya zilizopikwa mpaka zivutike nyuzi kama ute wa bamia. Huyo huzalisha vitamini K2 kwa wingi, na vitamini K ndiyo hasa warfarini inayopambana nayo. Pakiti ni ndogo, gramu 40 au 50, lakini inatosha kuivuruga dawa kwa siku kadhaa. Kwa hiyo ule ujanja wa "natto asubuhi, kidonge usiku" haufui dafu. Nusu pakiti pia hapana. Iliyosagwasagwa, wanayoiita hikiwari, hapana. Iliyojificha katikati ya kipande cha sushi, hapana. Zikariri herufi hizi mbili: 納豆.

Miso (rojo ya soya) na shoyu (mchuzi wa soya) ni habari nyingine. Hizo huanzia kwenye koji, ukungu wa Aspergillus oryzae, na supu yangu ya miso daktari aliiacha. Tempe ya Indonesia nayo ni kazi ya ukungu, Rhizopus. (Waislamu, shoyu nyingi huongezwa alikoholi, tafuta 酒精 kwenye chupa.) Ila cheonggukjang ya Korea, kinema ya Nepal na thua nao ya kaskazini mwa Thailand huchachushwa na bakteria wa ukoo wa natto. Mimi sizigusi.

Taratibu nyingine ni nyepesi. Dawa za kawaida za kuandikiwa za mwezi mmoja unaingia nazo bila kibali. Zikizidi, omba Yunyu Kakunin-sho, hati ya kuingiza dawa, kabla ya safari. Ukikaa zaidi ya miezi mitatu, jiandikishe bima ya afya. Wengi wetu hulipa asilimia 30 ya gharama. Duka la dawa watakupa okusuri techo, daftari la dawa zako. Tembea nalo.

Hapo kwenye duka la dawa ndipo niliponaswa. Nilikuwa bado namalizia vidonge vya nyumbani, sijaonana na mfamasia yeyote wa huku. Ningemwona, angenipa karatasi yenye picha ya natto iliyopigwa alama ya X. Nchi hii inakuonya juu ya kila kitu, mpaka ngazi za umeme zinaongea, lakini onyo linapita kwenye njia yake rasmi. Wenzangu waliniona nikimeza vidonge mchana na hakuna aliyeuliza ni vya nini. Wao wanaita heshima. Kwetu ungeulizwa unaumwa nini kabla hujashusha glasi, na umbea ule, nakiri, ungeniokoa.

Sasa shangazi zangu wapendwa. Ujumbe wa sauti nimeupata, wote watano: natto inayeyusha damu iliyoganda, acha vidonge vya wazungu. Ni kweli natto ina kimeng'enya, nattokinase, alichokieleza Hiroyuki Sumi na wenzake mwaka 1987. Lakini pakiti hiyohiyo ina vitamini K inayoizima dawa yangu. Mguu uliovimba ni wangu, shangazi. Naomba ujumbe huo usimtumie na mjomba.

Wanaotumia rivaroxaban au apixaban, dawa nyingine za kuzuia damu kuganda, hawabanwi na katazo hili, ila usijihamishe mwenyewe kutoka dawa moja kwenda nyingine. Hilo ni la daktari.

Na ukikaribishwa mezani, huna haja ya maelezo marefu. Sema "Warufarin o nonde imasu," yaani natumia warfarini. Mjapani mtu mzima huenda akaelewa papo hapo, na pakiti itaondolewa mbele yako bila swali la pili.